Chupa Chini ya Breki

Chupa yenyewe ilikuwa ya maji, ya lita moja na nusu, imebaki nusu. Nilikuwa nimeiweka miguuni, mahali nilipokuwa nikiiweka kila siku, tukatoka Kakuyuni alfajiri na trekta kwenda kulima kwa mtu upande wa Jilore. Pale njia inapoanza kuinama kuelekea bonde la mto Sabaki nikakanyaga breki. Pedali haikushuka. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi, ikashuka kidogo ikakwama, na trela nyuma, yenye haro, ile zana ya kuvunja mabonge ya udongo, na madebe ya dizeli, ikaanza kutusukuma.

Mpwa wangu alikuwa ameketi juu ya madigadi ya kulia, mkono mmoja ameshika kiti changu. "Shangazi, simamisha!" Utadhani nilikuwa nimekataa.

Kilichotuokoa ni gia. Nilikuwa nimeingiza gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, kwa hiyo nilipoachia mafuta injini yenyewe ikashika. Ningekanyaga klachi kwa woga, magurudumu yangekuwa huru na kisa hiki mngesimuliwa na mtu mwingine. Nikaielekeza kwenye mchanga wa kando, ikazama, ikasimama. Nilipoinama nikaiona chupa imejibana chini ya pedali, imebonyea, kifuniko bado kimefungwa barabara.

Trekta yangu ni ndogo, nguvu za farasi 24, mtumba kutoka Japani, na vibandiko vyake vingi bado vina maandishi ya Kijapani. Niliichagua kwa udogo wake. Mashamba ya huku Malindi yamejaa miembe na minazi iliyopandwa na wazee bila kamba wala kipimo, na trekta kubwa haipiti chini ya matawi bila kuangusha maembe ya watu. Yangu hupita. Lakini haina pa kuweka kitu. Gari lina buti, boda boda ina keria, tuktuk ina nyuma ya kiti. Trekta ndogo ina sakafu ya futi mbili tu, na sakafu hiyo hiyo ndiyo yenye breki na klachi.

Jioni ile nilitandika mkeka uani nikatoa kila kilichokuwa juu ya trekta. Spana tano, panga, pampu ya grisi, mnyororo wa mita nne, kamba ya nailoni, pini tatu ambazo moja tu ilikuwa yetu, blada za kufungia, kikombe cha chai, na ndala ya mguu mmoja ambayo mpaka leo haijapata mwenyewe. Vyote hivyo vilikuwa vikisafiri nasi miguuni.

Jaribio la kwanza lilikuwa la bure, na lilistahili bei yake. Tulichukua kreti ya soda tukaifunga nyuma ya kiti kwa blada. Tulipofika Ganda haikuwapo. Tulirudi kwa miguu tukaokota spana tatu na mnyororo; pini hatukuziona. Pini ni vitu vidogo ila ndizo zinazoshika mikono ya nyuma inayobeba haro. Siku hizi kila pini imefungwa kwa waya mwembamba kwenye tundu lake, ikichomolewa inaning'inia pale pale.

Ndipo nikaenda mjini kwa fundi mmoja wa kuchomelea. Fundi hodari, mikono yake siikosoi. Ila alikuwa na jibu moja kwa kila swali, nalo ni kuchomelea.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Trekta nyingi kuukuu za Kijapani hazina fremu ya kinga, ule upinde wa chuma nyuma ya kiti ambao mafundi wanauita rolibaa, na yangu ilishuka melini Mombasa bila huo. Uswidi ililazimisha trekta mpya ziwe nayo tangu mwaka 1959, na vifo vya wakulima waliofunikwa na trekta zao vikapungua sana. Fundi aliponiona naulizia akasema, "Mama, hiyo nakutengenezea kwa mabomba ya maji. Kesho jioni njoo uichukue." Nilishawishika, sitasema uongo, kwa sababu ya kwake ilikuwa rahisi mara nne kuliko ya kiwandani. Lakini fremu ya kweli imejaribiwa: chuma chake kimechaguliwa kipinde kiasi fulani na kumeza kishindo bila kukatika. Bomba la maji halijajaribiwa na mtu. Unaweza kukaa chini yake miaka kumi ukijiona uko salama, na siku ya kupinduka ndiyo siku ya majaribio. Nikaagiza ya trekta yenyewe kwa muuza vipuri, pamoja na mkanda wa kiti, nikasubiri miezi mitano. Miezi hiyo mitano hatukugusa shamba lolote lenye mteremko, na wateja wawili walinikimbia.

Mkanda na fremu ni mke na mume. Ukiwa na fremu bila mkanda, trekta ikipinduka inakurusha nje kisha fremu hiyo hiyo inaweza kukuangukia. Yangu ni ya kukunja, kwa ajili ya matawi ya chini. Tukiingia chini ya miembe mizito tunaikunja na mkanda tunaufungua, kwa kuwa fremu iliyolala haikulindi na si vizuri kufungwa kwenye kitu kinachokulalia. Tukitoka tu inasimamishwa, pini inaingia, mkanda unafungwa. Mpwa wangu alipendekeza tuezeke makuti juu yake tupate kivuli. Nilicheka hadi nikaketi, halafu nikamwonea huruma, kwa maana jua la saa nane si la kuchekwa. Tulinunua kofia pana.

Sasa fremu ilipofika, fundi akataka kuchomelea sanduku la spana juu yake. Nikamshika mkono. Fremu haitobolewi wala haichomelewi: moto unabadilisha chuma, na tundu ni mahali ufa unapoanzia. Tena sanduku zito likiwa juu namna ile linapeleka uzito wa trekta juu, na trekta ndogo yenye magurudumu ya karibu karibu haihitaji msaada wa kupinduka. Tulichoweka pale ni kisanduku chepesi cha huduma ya kwanza, kimeshikwa na bolti zilizopindwa umbo la U, na kipande cha tyubu kuukuu katikati ili chuma kisisuguane na chuma.

Wakulima wa Marekani hupenda kutumia masanduku ya chuma ya risasi yanayouzwa na jeshi lao yakishatumika, kwa kuwa yana mpira kwenye kifuniko na maji hayaingii. Wazo zuri. Ila mimi sina hamu ya kusimamishwa kwenye kizuizi cha polisi nieleze kwa nini trekta yangu ina sanduku la risasi. Fundi alinikatia ya bati nene, mawili, urefu sentimita 40 na upana 20, yakakaa juu ya madigadi, kushoto na kulia. Tulitumia matundu yaliyokuwapo tangu kiwandani, tukaweka kipande cha chuma bapa chini yake ili bati la madigadi lisipasuke kwa mtikisiko. Kabla ya kukaza nilikaa kitini nikavuta kila gia na kila mkono wa haidroliki kuona kama kuna unachogonga, nikageuka nyuma kuona kama bado naiona haro. La kushoto ilibidi lisogezwe vidole vinne.

Jambo ambalo sikulipanga ni hili: masanduku yalimaliza kiti cha abiria. Trekta ina kiti kimoja, lakini huku kwetu madigadi ni kiti cha pili na cha tatu, na siku ya soko mtoto hupakatwa. Nilikuwa nimekataza mara ngapi sijui, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimempakia mpwa wangu siku ya chupa. Mtu akiteleza pale anaanguka mbele ya gurudumu la nyuma. Mpwa wangu alilitazama sanduku, akanitazama. "Sasa mimi nikae wapi?" Nikamwonyesha baiskeli yake. Alininunia siku mbili. Majirani nao walikuja mmoja mmoja kuomba lifti, wakaona vifuniko vimeinuka kama mgongo wa kobe, wakaenda kutafuta tuktuk.

Sanduku la tatu liko mbele, chini ya taa, na hilo ndilo ninalojivunia. Haro ikinyanyuliwa nyuma, mbele ya trekta ndogo hupepea; gurudumu la mbele likigusa ardhi kwa shida, stelingi unazungusha hewa. Kanuni inayofahamika ni kwamba ekseli ya mbele ibaki na angalau asilimia 20 ya uzito wote. Wengine hujaza zege kwenye jerikeni: ya lita 20 inakuwa na kilo zipatazo 48, na mbili zikining'inia mbele ni karibu kilo mia. Mimi nilisema, kama lazima nibebe uzito mbele, basi uwe uzito wenye kazi. Mnyororo, kulabu, nyundo kubwa na mtarimbo vyote vimehamia huko, ndani ya kiasi ambacho kitabu cha trekta kinaruhusu.

Mnyororo huo una kisa chake. Mnazi ulianguka kwa jirani kule Msabaha, tukaitwa kuuvuta. Nikakuta mpwa wangu ameshaufunga kwenye mkono wa juu wa nyuma, ule wa katikati, "ili unyanyuke vizuri". Nikapiga ukelele. Ukivuta mzigo mzito kutoka juu ya ekseli ya nyuma, gogo likikwama trekta haiendi mbele, inajizungusha kwenye ekseli yake na pua inapanda mbinguni. Kabla sekunde moja haijaisha umepita mahali pa kurudi, na mguu wa binadamu hauifikii klachi kwa haraka hiyo. Tukaufunga kwenye chuma cha kuvutia, chini kabisa, gogo likatoka taratibu. Siku ya pili nilipaka rangi nyekundu ule mkono wa juu. Hakuna haja ya maelezo tena.

Panga na jembe vinakaa ndani ya paipu ya plastiki ya inchi nne, imefungwa kusimama ubavuni mwa sanduku la mbele, chini ina kifuniko kilichotobolewa maji yatoke. Ni kifaa cha bei rahisi kuliko vyote na ndicho kinachosifiwa zaidi na wapita njia. Dizeli ya akiba haipandi kwenye trekta hata kidogo. Iko trelani, tangu jerikeni moja lilipoegemea bomba la moshi likaanza kulainika kama embe.

Kuhusu PTO, ile shafti ya nyuma inayopeleka nguvu za injini kwenye mashine iliyofungwa kwenye trekta, nitasema kama mwanamke wa pwani. Shafti ile inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Ikiwa na unene wa sentimita 7.5, inakunja kitambaa karibu mita mbili kwa sekunde moja. Leso ina urefu wa mita moja na nusu. Hesabu hiyo niliifanya usiku mmoja kwenye daftari la wajukuu na sikulala vizuri. Trekta ilikuja bila kava ya shafti. Niliinunua kabla ya mkanda, kabla ya kila kitu, pamoja na ile ngao ya juu yake. Kazini navaa suruali. Mteja mwenye kikoi anabaki mbali, hata akiwa mzee wa kuheshimiwa. Namwambia, "Shikamoo baba, naomba usogee kule kwenye mwembe," na injini naizima kabla sijashuka.

Baada ya siku ya chupa nilimwita fundi wa injini aangalie breki, akakuta jingine. Trekta ina pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, ili shambani ushike upande mmoja ukate kona. Barabarani lazima ziunganishwe kwa kile kichuma chake, la sivyo ukikanyaga moja kwa kasi unazunguka. Kichuma chetu kilikuwa kimekunjwa juu, kimeshika kutu. Hatukuwahi hata kujua kipo.

Usiku sipendi kutembea na trekta, lakini mvua za masika hazikuulizi. Nyuma ya trela kuna mikanda ya kung'aa, taa mbili, na pembetatu ya rangi ya chungwa yenye kingo nyekundu, ambayo nchi nyingine huwekwa kwenye vyombo vya mwendo wa pole. Vijana wa boda boda hawaijui maana yake, ila wanaiona, na mimi nataka kuonekana tu. Kizima moto cha unga kiko chini kushoto, mahali ninapoweza kukichomoa nikiwa nimesimama ardhini. Cha kazi gani kikiwa nyuma ya kiti na kiti ndicho kinachoungua?

Kinachonisumbua bado ni chumvi. Upepo wa kusi unaileta hadi Kakuyuni, na bolti za kawaida za masanduku zilikuwa nyekundu kabla mwaka haujaisha. Nimezibadilisha kwa zilizopakwa zinki, nikazipaka grisi, na kila sanduku lina matundu mawili chini. Bawaba za kushoto zimeanza kulia. Na chupa ya maji bado haina kwake: masandukuni inanuka grisi, mpwa wangu hataki kuinywa. Kwa sasa naivaa begani kwa kamba.