Mama, Unaandika?

Jumapili jioni binti yangu Athieno alipiga simu na kuniambia, kwa sauti ile ile anayotumia kuomba vocha, kwamba anafikiria kuhama chuo chake cha huko magharibi mwa Uganda. Habari yenyewe niliipokea vizuri kuliko nilivyotarajia, pengine kwa sababu niliiona ikija tangu mwezi Agosti, tuliposhusha godoro lake kwenye lango la hosteli akatuomba tuondoke kabla hajalitandika. Wasomaji wa siku nyingi mtakumbuka kwamba niliandika habari hiyo. Kilichonichoma, na ambacho mpaka leo hakijatulia, ni swali aliloniuliza nilipokuwa nimenyamaza kwa muda mrefu kidogo: “Mama, unaandika?”

Nilikuwa naandika. Aliisikia kalamu yangu ya kubonyeza, ile nyekundu ya kusahihishia, ambayo huichezea kwa kidole gumba bila kujua. Nilikuwa nimefungua kurasa za nyuma za daftari la maandalio, na tayari ukurasa ulikuwa na mistari yake: mwisho wa kuomba kuhama ni lini; krediti; ada ya muhula huu; Nagongera?; nani anamwonea? Nikamjibu, “Naandika nisije nikasahau.” Naye akasema, bila hasira ninayoweza kuithibitisha, “Basi andika kwamba sijaamua.” Kisha akauliza habari za bibi yake kijijini, tukazungumza juu ya bibi mpaka salio likaisha.

Nimeyarudia maneno hayo nikiwa juu ya bodaboda, nikiwa jikoni, na hata mbele ya kidato cha pili nilipokuwa nikieleza upatanisho wa kisarufi, mpaka mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama sentensi niliyoiacha nusu ubaoni ilikuwa kazi ya nyumbani. Mwenzangu, baba yake Athieno, ambaye kwa kawaida hurudi kutoka Malaba na habari za malori yaliyokwama forodhani tu, alinisikiliza akacheka, akasema mtoto alikuwa anatania. Dada yangu anasema mtoto alikuwa amekasirika. Mimi ndiye niliyekuwa na simu sikioni, na sijui nimwamini nani kati yao. Kulikuwa na pumzi ndogo mwishoni mwa maneno yake, pumzi ya kutoka puani, ambayo inaweza kuwa mwanzo wa kicheko na inaweza pia kuwa mwisho wa subira. Wiki hii mwalimu mkuu wetu amepewa uhamisho, mwanangu Okoth amefungwa plasta mkononi baada ya kuanguka kutoka kwenye mwembe, na sherehe za Uhuru za tarehe 9 Oktoba zimepita. Mimi nimebaki na pumzi hiyo.

Sababu alizonitajia si za masomo. Majaribio ya kwanza ya Fizikia na Hisabati amefanya vizuri, na anampenda mhadhiri wa mekanika kwa sababu huandika ubaoni kwa herufi kubwa. Shida inaanza jioni. Wenzake wa chumbani ni wasichana wema, anasema, lakini wanazungumza Kinyankole, lugha ya huko, wanacheka kwanza, na mmoja wao humtafsiria baadaye kicheko kikiwa kimekwisha. Akizungumza Kiswahili, ambacho hapa Tororo ndicho amecheza nacho barabarani tangu utoto, wanamwuliza kama baba yake ni mwanajeshi, kwani kwetu Uganda Kiswahili kinajulikana kama lugha ya jeshi. Siku ya Ijumaa wengi wao hupanda teksi kwenda kwao Bushenyi, Ntungamo au Ibanda, na hosteli inabaki na yeye, mlinzi na redio ya mlinzi. Yeye kwao ni safari ya kutwa nzima: basi mpaka Kampala, kubadilisha basi, kuvuka Ikweta pale Kayabwe, na hapo bado Masaka hajaiona. Hakuna mtu anayesafiri hivyo kwa ajili ya kula chakula cha Jumapili.

Shangazi yake, aliposikia, alisema mara moja kwamba avumilie, maana mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo naifundisha kila mwaka na sina ugomvi nayo, ila sipendi watu ambao hawajauliza ni tunda gani linaiva wanavyowatupia watoto. Mtoto mwenye upweke katika kozi anayoipenda na mtoto aliyewekwa katika kozi isiyo yake wanaweza kulia kilio kimoja kwenye simu, lakini dawa zao hazifanani. Wa kwanza huenda akahitaji muda, kwaya, timu ya netiboli, au rafiki mmoja tu wa kula naye. Wa pili hata akizungukwa na marafiki, ataendelea kukihesabu kila kipindi mpaka kiishe. Nimewaona wote wawili miongoni mwa wanafunzi wangu wa zamani, na wale ambao walihama kwa sababu ya upweke peke yake, baadhi yao waliukuta upweke umewatangulia chuoni kwingine. Sisemi wote. Mmoja alihama akachanua, na harusi yake nilihudhuria.

Baba yake alikwisha kuchagua kabla hajamaliza chai. Anataka Kyambogo, kule Kampala, kwa kuwa ni chuo cha walimu tangu zamani, hata kabla ya vyuo vitatu kuunganishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2003, na kwa kuwa yeye ana dada yake mdogo anayekaa Banda, mwendo wa mguu kutoka lango la chuo. Mimi niliandika Nagongera, ambako Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina kampasi yake ya sayansi na elimu humu humu wilayani kwetu. Niliiweka alama ya kuuliza, na alama hiyo imenisumbua karibu sawa na lile swali lake. Nagongera angeweza kuja nyumbani kila Jumamosi. Ningemwona. Angekuwa mwanachuo anayelala kitandani mwa utoto wake nusu ya juma, na sijui kama hilo ndilo aliloliomba Jumapili au ni mimi niliyelisikia.

Mambo mengine niliyoyaandika yana majibu ya wazi zaidi, na nayaweka hapa kwa ajili ya mzazi mwingine aliye na simu kama hiyo. Kwetu Uganda chuo unakotaka kwenda ndicho kinachoamua kitapokea nini kutoka ulikotoka. Msajili na kitivo hulinganisha mihtasari ya masomo, moja baada ya jingine, na kozi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na mpangilio tofauti kabisa ndani. Kozi yenyewe sharti iwe imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Krediti moja ni saa 15 za mihadhara katika muhula, lakini saa hizo hazihesabiki mpaka mtihani ufanywe na matokeo yatoke. Kwa hiyo mwanachuo anayefunga sanduku mwezi Oktoba huondoka mikono mitupu, na ada tuliyoilipa kwa kuuza ng’ombe inabaki nyuma, ilhali anayesubiri mitihani ya Desemba na matokeo yake anaondoka na hati ya matokeo mkononi. Hilo nililipigia mstari mara mbili.

Alhamisi usiku akapiga tena. Hakusalimia vizuri. Alisema, “Mama, ile karatasi unayo?” Nikadhani anataka kunisuta, nikajibu kwamba ninayo, ipo nyuma ya daftari. “Nisomee.” Nikamsomea yote, mstari kwa mstari, kama mtuhumiwa anayesomewa mashtaka yake mwenyewe, na nilipofika pale penye nani anamwonea, akacheka mpaka nikalazimika kuisogeza simu mbali na sikio.

“Hakuna anayenionea, Mama. Ningefurahi mtu akinionea. Angalau angekuwa ananijua jina.”

Nilicheka naye, kisha nikaacha kucheka, kisha akaniambia niendelee. Alitaka kusikia tena ile ya saa 15. Akaniuliza maswali ambayo sikuwa nimeyafikiria: kama mazoezi ya maabara yanahesabiwa sawa na mihadhara, kama matokeo ya majaribio yanahama au ya mwisho tu, kama ataruhusiwa kuuliza kwa msajili wa kwingine bila chuo chake kujua. Nikawa naandika maswali yake chini ya yangu, na safari hii hakuna aliyelalamika juu ya kalamu. Katikati akataja, kama kitu cha kupita, kwamba kikundi cha maabara kimemwomba awe mwandishi wao kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, na kwamba wanakutana Jumamosi kwenye chumba cha msichana kutoka Lira ambaye naye haendi nyumbani. Sikuuliza lolote juu ya msichana huyo. Nilijing’ata ulimi, na ninaandika hapa ili mtu anipongeze.

Tulikubaliana mambo machache. Atafanya mitihani. Atarudi Krismasi na mihtasari ya masomo yote ya muhula, iliyopigwa muhuri wa kitivo, ili kama ataamua kuhama tusianze kuitafuta Januari ofisi zikiwa na foleni. Atakwenda mara moja kumwona mshauri wa wanachuo, si kwa ajili ya kuhama, kwa ajili ya Ijumaa. Baba yake hatampigia dada yake wa Banda mpaka aambiwe. Mimi sitaweka neno Nagongera mezani isipokuwa yeye akiliweka. Kuhusu kuamua, bado hajaamua, na aliponiambia hivyo Alhamisi sauti yake ilikuwa nyepesi kiasi kwamba nililala kabla ya saa nne, jambo ambalo Okoth na plasta yake hawakuliruhusu siku nyingine zote.

Kabla ya kukata simu aliuliza tena habari za bibi, nikasema hajambo. Mama yangu hajambo kwa kweli, isipokuwa jicho la kulia limeingia utando na nilipomtembelea alikuwa anamimina chai kwa kusikiliza kikombe kikijaa. Mganga wa zahanati anasema ni mtoto wa jicho na kwamba upasuaji wake si mkubwa, lakini yeye anasema hataguswa jicho na mtu asiyemjua ukoo wake. Mtihani wa kidato cha nne unaanza na nimepangiwa zamu ya usimamizi, mwenzangu hatoki Malaba kabla ya Jumamosi, na kaka yangu aliye karibu na Mama hajapokea simu tangu juzi.