Nimewaona Rolling Stones kwa macho yangu

Sauti imenikauka na masikio bado yanavuma. Jana usiku nimewaona Rolling Stones jukwaani, bendi iliyoanza London mwaka 1962, kabla hata mama yangu hajazaliwa!

Mick Jagger ni mzaliwa wa 1943. Alikimbia kutoka ncha moja ya jukwaa hadi nyingine, akazungusha kiuno, kisha akaendelea kuimba kana kwamba hajatoka popote.

Lakini aliyeniliza ni Keith Richards. Vidole vyake vina vifundo vya uzee, ila alipogusa lile gitaa la nyuzi tano (ule wa sita huuondoa, ndiyo siri ya mlio wake), uwanja mzima uliutambua wimbo kabla neno la kwanza halijatamkwa. Gitaa la aina hiyo halifundishiki.

Nilimkumbuka sana Charlie Watts, aliyefariki Agosti 2021 baada ya kuwapigia ngoma tangu 1963. Sasa kiti hicho anakikalia Steve Jordan, wala hajaribu kumwiga. Anapiga kwa nguvu zaidi, nami nimempenda kwa hilo.

Pembeni yangu alikuwepo babu mmoja na mjukuu wake, wote wakiimba maneno yaleyale. Ulipofika wimbo uliowapandisha kileleni Marekani kwa mara ya kwanza, 1965, mzee alifumba macho, machozi yakamtiririka. Nikamshika mkono, ingawa hatujuani. Hakuutoa mpaka taa zilipowashwa.