Viatu vya chuma vya mwanangu
Mnaouliza kwa nini mtoto wangu analala na viatu vilivyounganishwa kwa chuma, jibu hili hapa.

Alizaliwa nyayo zimegeukia ndani. Jirani mmoja akashauri tumkande maji ya moto, mwingine eti nilimcheka kilema nikiwa mjamzito. (Maneno ya ujauzito nimeyachoka jamani.) Kliniki wakamfunga hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia vidoleni hadi pajani. Kila wiki linatolewa, daktari anausogeza unyayo kidogo kwa vidole vyake, taratibu, halafu anafunga jingine. Njia hiyo inaitwa Ponseti, kwa jina la daktari mzaliwa wa Hispania, Ignacio Ponseti, aliyeibuni kule Iowa, Marekani. Mimi nilijiandaa kwa operesheni kubwa. Kumbe ni kukata kano ya kisigino tu, kwa ganzi ya pale pale, kitundu ambacho hata nyuzi hakikuhitaji. Kisha hogo la mwisho, wiki 3.

Kazi yenyewe ni viatu! Miezi 3 ya mwanzo ni saa 23 kwa siku, baadaye wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka 4 hivi. Mwanzoni alilia, na mimi nikalia. Soksi ikijikunja kidogo, kisigino kinachubuka. Mama mkwe alinisihi nimvue "mtoto apumzike". Sikumvua, maana viatu vikiachwa ndipo miguu inaporudi kupinda.

Mwenye kichanga wa hivi aje inboksi nimwelekeze kliniki. Ya kwetu ni Jumanne, wahini foleni.