Chupa ya maji niliyoigeuza hirizi

Mara ya kwanza hofu ya ghafla ilinishika katikati ya maji, feri ya Likoni, Mombasa, imejaa, jua la saa nane. Moyo ukanienda mbio, vidole vikafa ganzi, nikaona leo nafa. Mama mmoja muuza mahamri alinipepea kwa kifuniko cha ndoo yake mpaka tukafika ng'ambo.

Hospitalini walinibandika nyaya kifuani, wakapima presha, sukari na tezi ya shingo. "Huna kitu, kapumzike." Neno hilo lilinitesa kuliko maradhi yenyewe. Mamangu akamleta maalimu anisomee. Nilitulia, siwezi kusema uongo, ila nikiiona feri miguu hukataa. Nikawa nazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, nalipa nauli na kupoteza saa nzima, na feri kwa mwenda kwa miguu ni bure!

Daktari wa akili ndiye aliyeniambia kwamba kule kuzunguka ndiko kunakoilisha hofu. Kila ninapoikimbia feri, mwili unaamini kweli nimeponea chupuchupu. Ganzi nayo ni ya kuhema mbio: hewa ya kaboni dioksidi hupungua mno kwenye damu, vidole vikachonyota. Akauliza ya ukoo, nikamkumbuka shangazi aliyekuwa hatoki nje. Akauliza ya kahawa. Nilikuwa nanywa vikombe vitano vya kahawa tungu kwa siku, na madeni ya duka juu yake.

Alinipa setralini, dawa ya kupunguza hofu, akanionya kwamba siku za mwanzo huenda nikahangaika zaidi, na nisiiache ghafla. Kweli, wiki mbili zile sitamani zirudi. Nafuu niliiona kama wiki ya tano. Vidonge vya usingizi alininyima, akisema mtu huvizoea vikamtawala.

Kazi yenyewe ilikuwa kule kivukoni. Siku tatu nilisimama langoni tu. Kisha nikateremka mpaka majini, nikasikiliza honi. Kisha nikapanda na kakangu, halafu peke yangu. Chupa ya maji niliyokuwa siiachi daktari aliniambia niiache nyumbani: "Hiyo ndiyo hirizi yako."

Juzi hofu ikanishika tena, palepale katikati. Nikauacha moyo upige. Tulipotia nanga nilikuwa nabishana na muuza njugu, shilingi kumi zangu za chenji hazionekani.