Siku Moja Katika Maabara ya Kichocho, Kisumu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa nimeshafika ufukoni, kabla matatu hazijaanza kupanga foleni ya kuoshwa. Waosha magari wa hapa husimama ndani ya Ziwa Victoria kwa saa nyingi, na kwa kuwa viluwiluwi vya mnyoo wa kichocho cha tumbo hutoka kwenye konokono wakati wa mwanga, hasa jua likikaribia utosini, saa zao za kazi ndizo saa za kuambukizwa. Wakati muuguzi anawatoa damu, mimi hupokea vikopo vya choo na kulinganisha namba zake na fomu. Leo kijana mmoja aliniuliza: “Daktari, mbona mwenzangu hapatikani tena na minyoo, na maji tunayosimamia ni yale yale?” (Mimi si daktari, lakini nimekwisha acha kubishana.) Swali lake ndilo lililotuleta ufukoni.

Saa tatu ninaandaa slaidi. Choo huchujwa kwa wavu, kikajazwa kwenye kitundu cha kipimo kinachobeba miligramu 41.7, kisha kikafunikwa kwa selofeni iliyolowekwa gliserini. Ninaanza na mayai ya minyoo ya safura, kwa sababu slaidi ikikaa muda mrefu hufifia yasionekane. Yai la kichocho, lenye mwiba wake ubavuni, husubiri bila kuharibika. Idadi ninayoipata huzidishwa kwa 24 ili kujua mayai yaliyomo katika gramu moja.

Kuanzia saa tano kazi ni ya damu. Mashine ikishaizungusha, chembe nyeupe hubaki katika utando mwembamba chini ya utegili (maji ya damu yasiyo na chembe), nami huzifyonza taratibu na kuzilisha antijeni za mnyoo, yaani vipande vyake ambavyo kinga huvitambua, ili tuone zinavyojibu. Chakula cha mchana ni chai na chapati, kwa haraka.

Saa nane ninapima kingamwili za aina ya IgE, zile zile zinazohusika na mzio. Uchunguzi uliofanywa kwa waosha magari wa Kisumu ulionyesha kwamba baadhi yao, baada ya kuambukizwa na kutibiwa kwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, mara kadhaa, huanza kustahimili maambukizi mapya, na ustahimilivu huo huenda sambamba na ongezeko la IgE dhidi ya mnyoo pamoja na chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi ni haya: mnyoo hai huishi miaka mingi katika mishipa ya damu ya utumbo, akijivika molekuli za mwenyeji wake ili asitambuliwe. Dawa inapomuua, mwili wake huvunjika na kuachia antijeni alizokuwa amezificha, na hapo ndipo kinga inapopata cha kujifunzia. Bila dawa, mtu hulazimika kungoja minyoo ife yenyewe. Wakati huo huo, mayai yanayokwama kwenye ini huitia kinga hasira, na ni hasira hiyo, kuliko mnyoo mwenyewe, inayoacha makovu.

Saa kumi tulijadili chanjo. Mtu angedhani kwamba inatosha kuchukua antijeni inayoamsha IgE na kuwadunga watu kwa sindano. Nchini Brazili chanjo ya safura iliyoitwa Na-ASP-2 ilijaribiwa kwa watu waliokwisha kuishi na minyoo hiyo, na baadhi yao wakatokwa na vipele vya mzio mwilini, kwa sababu tayari walikuwa na IgE dhidi ya protini ile ile. Jaribio likasimamishwa. Kwa maoni yangu, antijeni yoyote inayopendekezwa inapaswa kupimwa kwanza kwenye utegili wa watu kama hawa wa ufukoni, hata kabla ya kusifiwa kwa matokeo yake kwa panya.

Saa kumi na moja na nusu ninagandisha chembe zilizobaki na kuzitia katika naitrojeni ya maji. Zitakaa humo hadi tuchukue damu nyingine wiki kadhaa baada ya matibabu, ili chembe za mtu yule yule, za kabla na za baada, zipimwe siku moja. Prazikwanteli haiwezi vizuri minyoo michanga, kwa hiyo nimewaandikia wote waliopatikana na mayai leo warudi kupimwa choo tena, naye kijana mwenye swali yumo katika orodha hiyo.