Darasa la Saba Lililonivusha hadi Davis

Oktoba 2017, mshauri wa masomo wa chuo changu cha jamii, kaskazini mwa California, aligeuza kioo cha kompyuta ili niuone ukurasa wangu wa IGETC. Hiyo ilikuwa orodha ya masomo ya jumla ambayo mwanafunzi wa chuo cha miaka miwili aliyamaliza kabla ya kuhamia chuo kikuu cha umma. Ukithibitishiwa yote, kampasi uliyohamia haikudai tena masomo ya jumla ya miaka miwili ya mwanzo. Uandishi wa Kiingereza, hisabati, sanaa, sayansi ya jamii, sayansi yenye maabara: tiki kila mahali. Eneo la 6, lugha isiyo Kiingereza: tupu.

"Nyumbani mnaongea lugha gani?"

"Kiswahili."

Akasema kuongea hakuhesabiki, kinachohesabika ni karatasi.

Akanipa njia mbili. Ya kwanza, nisome Kihispania cha mwanzo, yuniti 5 (yuniti ni kipimo cha uzito wa kozi). Ya pili, nithibitishe miaka miwili ya shule, kuanzia darasa la sita kwenda juu, mahali panapofundishwa kwa lugha isiyo Kiingereza, nikiwa na alama C au zaidi. Nikatoa cheti cha kidato cha nne kwa fahari. Akauliza sekondari zetu hufundisha kwa lugha gani. Kiingereza. Akakirudisha mezani. Ndipo nilipokumbuka shule ya msingi: darasa la sita na la saba, miaka miwili kamili, masomo yote kwa Kiswahili isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe.

Hesabu yangu ilikuwa imebana. UC, yaani Chuo Kikuu cha California, inataka yuniti 60 za semista zinazohamishika, nazo ziwe zimekamilika kufikia mwisho wa muhula wa pili kabla ya kuhamia. Nilikuwa na 33, nikichukua 15 muhula ule, na 13 za Januari zingenifikisha 61. Davis, kampasi ya UC niliyoitaka, wanatumia mihula ya robo mwaka badala ya semista, na yuniti moja ya semista ni moja na nusu kwao, kwa hiyo 61 zilikuwa 91.5 dhidi ya 90 wanazodai. Kihispania kingenipeleka yuniti 18 muhula mmoja, pamoja na kalkulasi ya pili, ambayo idara ya uchumi iliitaka. Hapo ndipo watu huvunjika: wanajaza eneo la jumla, kisha wanafeli somo la fani. (Wanaokwenda uhandisi ndio kabisa. Wao hushauriwa kutanguliza masomo ya fani na kuacha IGETC pembeni.) Masomo ya fani huangaliwa kwenye ASSIST, tovuti inayoonyesha kozi gani ya chuo chako inapokelewa badala ya ipi ya kampasi, na lazima uchague mwaka ulioisomea, maana makubaliano hubadilika.

Saa tatu usiku ya California ni saa moja asubuhi ya Tanga. Nikampigia dada.

"Barua ya shule ya msingi? Mdogo wangu, si unasoma chuo kikuu huko?"

Alikwenda hata hivyo. Mwalimu mkuu alimwandikia barua siku hiyo hiyo, yenye muhuri, ikisema nilisoma pale na kuhitimu darasa la saba. Ilikuwa nzuri na haikufaa kitu. Haikuwa na alama, wala haikutaja lugha ya kufundishia. Kwa Mtanzania hilo halihitaji kusemwa. Kwa mtu anayejaza fomu Marekani ndilo jambo lenyewe. Dada akarudi shuleni na karatasi niliyomwandikia vitu vinne: tarehe za kuanza na kumaliza madarasa yale mawili, alama za kila somo, sentensi moja kwamba masomo yalifundishwa kwa Kiswahili, na sahihi yenye jina na cheo. Alama zilipatikana kwenye daftari kuukuu la shule. Barua ya pili ilifika kwa msafiri mwishoni mwa Novemba, nikaipeleka kwa mfasiri anayeweka tamko na sahihi yake. Tafsiri ya kujifanyia mwenyewe haikubaliki, hata uijue lugha vipi.

Maombi ya UC hayakungoja. Septemba nilikuwa nimeshaomba TAG, uhakika wa nafasi unaotolewa na kampasi sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Unaruhusiwa kuomba kampasi moja tu, na TAG haikuondolei maombi ya kawaida, ambayo mwisho wake ulikuwa Novemba 30, dola 70 kwa kila kampasi. Pale hutumi transkripti, hati rasmi ya alama zako. Unaandika mwenyewe kila kozi, pamoja na zile ulizoacha zikabaki na W, alama ya kuacha somo. Kwa kuwa barua ilikuwa bado njiani, kwenye masomo ya Januari niliandika na Kihispania.

Ofisi ya chuo changu iliikubali barua wiki ya kwanza ya muhula. Nikaacha Kihispania kabla ya siku ambayo kuacha huanza kuandikwa W, kisha nikaingia kwenye fomu ya kusahihisha taarifa, TAU, ambayo mwisho wake ulikuwa Januari 31, nikakifuta na kuongeza alama za muhula uliopita. Ukiliacha somo bila kuwaambia, ukubali wako unaweza kufutwa hata kama yuniti zako zinatosha.

Wanaoanza chuo tangu Agosti 2025 wana orodha nyingine badala ya IGETC, Cal-GETC, na lugha haimo.

Juni nilikuwa nimebakiza kitu kimoja. Uthibitisho wa IGETC haujitumi. Unaombwa, kwa kuweka alama kwenye kisanduku unapoagiza transkripti ya mwisho, ambayo Davis walitaka ifikapo Julai 1. Niliweka pia kwamba isitumwe hadi alama za mwisho ziingie. Nakala yangu niliifungua jikoni. Kwenye eneo la 6, mahali pa jina la kozi, walikuwa wameandika jina la shule ya msingi, na wakakosea herufi moja.