Neno la wima: akrostiki ya dakika tano

Akrostiki ni shairi ambalo herufi za mwanzo za mistari yake, zikisomwa kushuka, huunda neno. Chukua neno KIKOMBE. Liandike likishuka, herufi moja kila mstari, kisha jaribu kulijaza kwa sifa za kikombe chenyewe: kizuri, kikubwa, kisafi, kipya, cheupe. Tayari umekwama. Kivumishi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha ngeli, na kikombe kitakupa K na Ch tu, hata usugue kichwa vipi. Ukiokoteza vile visivyobeba kiambishi, kama imara, bora na maridadi, utapata I, B na M. O na E zitabaki zinakukodolea macho.

Hapo ndipo wengi huiacha akrostiki wakidhani Kiswahili hakiiwezi. Kinaiweza sana, ila mlango wake ni kitenzi. Tazama kitenzi kimoja, tafuta: ninatafuta, unatafuta, anatafuta, tunatafuta, mnatafuta, wanatafuta, hutafuta, sitafuti. Kigeuze kiwe cha kutendwa: inatafutwa, linatafutwa, yanatafutwa, kinatafutwa, vinatafutwa, zinatafutwa, panatafutwa. Hizo ni herufi 15 za mwanzo kutoka mzizi mmoja, na hujagusa kamusi. Herufi zinazobaki huzibwa na amri, kwa kuwa amri huanza na mzizi mtupu: beba, cheka, dondosha, endelea, fungua, gusa, jaribu, ona, rudi.

Chombo cha pili ni kumleta mtendwa mbele. Badala ya "nimeikung'uta fulana", sema "fulana nimeikung'uta". Kile kiambishi -i- ndani ya kitenzi kinaishikilia sentensi isianguke, na nomino unayoitaka inakaa mwanzoni bila kulazimishwa.

Sasa kianzio, yaani wazo la kuanzia shairi. Kata vipande 20 vya karatasi. Kwenye 10 andika vitu vya kila siku: funguo, mswaki, soksi, mwavuli, mto, kioo, rimoti, sabuni, ndoo, kalamu. Kwenye 10 nyingine andika hali: kimepotea, kinaomba likizo, kina wivu, kimechelewa, kinaomba radhi, na kadhalika. Vuta kimoja kutoka kila rundo. Jozi zinazowezekana ni 100, na ile inayochekesha kidogo ndiyo huandikika haraka, kwa sababu kitu kinapata la kusema. Neno peke yake halitoshi. "Mwavuli" litakuletea maelezo. "Mwavuli una wivu" litakuletea sauti.

Neno liwe na herufi 4 hadi 7. Chini ya hapo shairi halipati nafasi ya kugeuka, na zaidi ya hapo unaanza kuandika mistari ya kujazia.

Hizi hapa funguo zilizopotea:

Fulana nimeikung'uta, hakuna.
Uvunguni nimechungulia, hakuna.
Nani amezichukua?
Giza la kabati nimelipapasa.
Ukimya.
Ona kiganja chako cha kushoto.

Shairi hili halikuandikwa kutoka juu kwenda chini. O ndiyo herufi ngumu humu, maneno yanayoanza nayo ni machache: ona, omba, ondoka, ota, orodha, ole. Kwa hiyo lilianza na mstari wa mwisho. "Ona" ni amri, na amri humgeukia msikilizaji, basi mtu mwingine akaingia na kumwonyesha mtafutaji. Baada ya hapo mistari ya juu ilikuwa na kazi moja tu: kumchosha mtafutaji. Ndio utaratibu ninaoupendekeza siku zote. Andika herufi wima, zungushia ile iliyo ngumu kuliko zote, shughulika nayo kwanza, kisha mstari wa mwisho, ndipo uzibe mapengo. Ukianza juu, utafika chini umechoka na utaweka neno lolote ili mradi herufi itimie.

Kuhusu herufi pacha, ushauri wangu ni sauti moja, mstari mmoja. CHAJA ina mistari minne: Ch, A, J, A. Ukitenga C peke yake hutapata neno la Kiswahili la kuianzia. Vivyo hivyo kwa Sh, Dh, Th, Gh, Ny na Ng'. Lakini N na G za FUNGUO zilitengana bila taabu, kwa hiyo hapo jipe uhuru.

Tatizo jingine ni A. Maneno yetu yamejaa irabu, na BARAKOA itakudai A mara tatu. Ukijibu kwa "anafanya… anasema… anakwenda…", shairi litasikika kama ripoti. Badilisha aina ya neno kila A inaporudi: mara moja kitenzi, mara ya pili "asubuhi", mara ya tatu "au" au "acha".

Kosa ninaloliona zaidi ni kila mstari kufunga maana yake na nukta. Ruhusu mistari mishata, maana imwagikie mstari unaofuata. Huu hapa mswaki unaoomba likizo:

Mdomo wako naujua jino kwa jino.
Siombi mengi:
Wiki moja tu ya mapumziko.
Acha nikauke vizuri,
Kwani tangu uninunue
Ijumaa na Jumatatu kwangu ni povu tupu.

"Kwani tangu uninunue" haina maana ikisimama peke yake, na kwa sababu hiyo jicho linashuka lenyewe.

Vina na mizani? Ukiviweza, sawa, ila kwa dakika tano akrostiki huwa shairi huru. Herufi ya mwanzo ni kifungo cha kutosha.

Usitafsiri pia. Zaburi ya 119 ina aya 176 kwa kuwa herufi 22 za Kiebrania zilipewa aya 8 kila moja. Isome kwa Kiswahili, aya haziheshimu tena herufi hizo. Akrostiki haivuki lugha, hivyo kianzio kifikiriwe kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Ukimaliza, ziba herufi za pembeni kwa kidole na usome kwa sauti. Mstari ambao ukiutoa hakuna kinachopungua uandike upya. Na kama unatuma kwa simu, mistari iwe mifupi, maneno matano au sita. Mstari mrefu hukatwa na skrini, kipande chake kinaangukia chini, na msomaji anakuta herufi ngeni katikati ya neno lako.